Mgongo Uliokataa Kuzunguka

Siku hizi navaa soksi mwenyewe. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nainua mguu wa kushoto, kisha wa kulia, na kazi inakwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Ukiona hilo ni jambo dogo, mshukuru Mungu, na pengine simulizi hii si yako. Nimeiandika kwa ajili ya yule anayeamka amekakamaa, mkavu kama ubao, ambaye kila mtu amemwambia kwamba amechoka tu na kazi, na sasa yeye mwenyewe ameanza kuamini.

Naitwa Evarist. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini mkoani Kigoma, Tanzania, na nilipotimiza miaka thelathini tulipata safari ya kwenda Louisville, Kentucky: mimi, mke wangu Joselina, na binti yetu Divine ambaye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tulipata nyumba Shively, pembezoni mwa mji. Joselina aliajiriwa kwenye makao ya wazee, kazi ya kuwaogesha na kuwageuza vitandani. Mimi nilianza na ghala kama wengi wetu, kisha mwaka wa tatu nikapata kazi kwenye uwanja wa gofu. Nilikata majani, nikasawazisha mchanga, nikachimba mashimo mapya na kufukia ya zamani. Kambini tuligombania kila kipande cha ardhi cha kupanda mihogo, na hapa nilikuwa natunza ekari kwa ekari za majani yasiyoliwa na mtu wala mbuzi. Wiki ya kwanza nilikuwa nacheka peke yangu.

Kila Jumatatu uwanja ulifungwa kwa wanachama, na sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza. Msimamizi wetu, mzee wa Kizungu aitwaye Roy, alinipa fimbo yake moja akanionyesha jinsi ya kuishika. Mpira wa kwanza niliukosa. Wa pili niliukosa pia, nikachimbua majani niliyokuwa nimeyakata mwenyewe. Wa tatu niliupata, na nikausikia mikononi kabla sijauona hewani. Ulikwenda juu, mdogo, mweupe, ukawa kama umekataa kushuka.

Roy, ambaye jina langu lilimshinda akanifupishia, akasema, "Basi, Ivo. Umeshapatikana."

Alisema kweli. Kilikuwa kitu cha kwanza nilichokifanya Marekani bila kuamriwa na bila kulipwa. Jumatatu ikawa siku yangu.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Ulianza majira ya baridi ya mwaka wa tano, chini kabisa ya mgongo, pale mtu anapokalia. Asubuhi nilitoka kitandani kwa kujiviringisha, nikashika ukuta, nikashuka ngazi nimejikunja kama anayetafuta sindano sakafuni. Ilichukua saa nzima, siku nyingine saa mbili, mpaka mwili ulegee. Kazini, nikitembea nyuma ya mashine, maumivu yalipungua hata nikasahau. Nikikaa kula chakula cha mchana, yalirudi. Jumapili, siku ya mapumziko, ndiyo niliyoteseka kuliko zote.

Angalia vizuri hapo, wewe unayesoma. Mimi sikuangalia.

Kliniki walinipiga picha, wakasema hakuna kilichovunjika, ni misuli na kazi nzito. "Pumzika," daktari akaniambia. Nikapumzika, nikazidiwa. Niliporudi nilikuta daktari mwingine, naye akaniambia nipumzike. Miaka minne ilipita hivyo. Nilikuwa naingia na mwaka, natoka nao, na chupa za vidonge zikijipanga dirishani. Sikuwa mgonjwa wa kulazwa, wala sikuwa mzima. Nilikuwa mtu aliyefungiwa ndani ya nguo inayobana, na kila anayeiona anasema hiyo nguo inakutosha.

Kitu cha kwanza kukiri kwamba kuna jambo kilikuwa mpira wa gofu. Ulianza kwenda kulia. Nilipiga ule mpigo wangu wa siku zote, na mpira ukapinda kulia, ukaingia vichakani. Roy alisimama nyuma yangu na mikono kiunoni.

"Hugeuki, Ivo. Unapiga kwa mikono tu. Geuza mgongo."

"Nageuza."

"Hugeuki hata kidogo. Unasimama kama nguzo ya simu."

Nilijitahidi kugeuka. Kwa kweli nilidhani nageuka. Mwili unapofungika polepole, akili inapunguza matarajio polepole vilevile, mpaka robo ya mzunguko inaonekana kama mzunguko mzima. Nikalaumu fimbo. Nikapata nyingine kuukuu, kisha nyingine tena, na mpira ukaendelea kwenda kulia.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Joselina alitoka kazini amechoka, baada ya kugeuza wazee wa kilo tisini, akanikuta asubuhi bado niko kitandani, naomba anivalishe soksi. Alinivalisha. Alinyanyua madumu ya maji, akabeba magunia ya mchele, akapandisha orofani nguo zilizofuliwa. Kisha Jumatatu ikifika, ananiona nachukua mfuko wa fimbo naondoka.

Siku moja alisimama mlangoni.

"Baba Divine, huu mgongo una kalenda? Jumapili umeshindwa hata kusimama kanisani, leo unaenda kucheza?"

"Nikitembea napata nafuu, Mama Divine. Sijui kwa nini."

"Ukitembea unapata nafuu?"

"Ndiyo."

"Basi tembea mpaka jikoni, kuna vyombo."

Divine, aliyekuwa mezani na madaftari yake, alijifanya hasikii. Nilikwenda nikaosha vyombo. Nilipomaliza sikuwa na hamu ya kucheza, lakini nilikwenda, kwa sababu nilijua nikibaki nitakakamaa. Sikuweza kumlaumu. Hata mimi, kama ningekuwa yeye, ningeona kwamba huyu mume amechoka na ndoa, hajachoka mgongo.

Kanisani habari zilifika. Shemasi wetu, Mkongo kutoka Kivu, mtu mwema kabisa, alikuja nyumbani na wazee wawili. "Bon, ndugu Evariste," akasema kwa Kiswahili chake cha Kikongo kilichochanganyika na Kifaransa, "hii mgongo inakusumbua tangu miaka mingi. Donc, tuombe. Mungu hashindwaka na mgongo." Waliniwekea mikono, mizito na ya moto, na nilitamani wasiiondoe. Baada ya hapo mmoja wa wazee alimwuliza mke wangu kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna dhambi iliyofichwa. Joselina alinisimulia baadaye. Alisimulia huku akinitazama, kama vile anangoja jibu.

Mwaka wa tisa, wakati wa Pasaka, tulikwenda Columbus, Ohio, kwa kaka yake Joselina. Shemeji Onesmo alikuwa anafanya kazi katika ghala la vifaa vya michezo, na mwajiri wao alikuwa na duka mjini ambako watu hupimwa na kutengenezewa fimbo zinazowafaa. Kila mfanyakazi alipewa nafasi moja ya kupimwa. Onesmo hakucheza gofu na hakuwa na haja nayo.

"Shemeji, nenda wewe," alikuwa ameniambia kwenye simu kabla hatujasafiri. "Wanakupima mwili mzima kama fundi suti. Kisha wanakupa fimbo ya kwako. Labda mpira utaacha kukimbilia vichakani."

Safari ya kutoka Louisville ni kama saa tatu na nusu. Nilitoka garini kwa kushikilia mlango kwa mikono miwili, na Onesmo aliona. Kesho yake alinipeleka.

Nilitarajia kupewa fimbo nipige mpira. Badala yake niliingizwa chumba chenye zulia na kioo, na mama mmoja wa makamo aitwaye Marisa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akaniambia nivue viatu. "Fimbo ni ya mwisho," akasema. "Kwanza tujue mwili wako unaweza nini, ndipo tujue fimbo ifuate nini."

Aliniketisha kwenye kigoda, akaniwekea kijiti mabegani, akaniambia nigeuke kulia. Niligeuka. "Endelea," akasema. Nilikuwa nimemaliza. Kushoto, vivyo hivyo. Akaniambia niiname nishike vidole vya miguu; mikono yangu iliishia juu kidogo ya magoti. Akanisimamisha nimeegemea ukuta, visigino vikigusa, akaniambia nigusishe kisogo. Nilisukuma kichwa nyuma mpaka shingo ikatetemeka. Marisa aliingiza vidole vyake vitatu katikati ya kisogo changu na ukuta, na vikapita bila kubanwa. Mwishowe alichukua futi ya fundi nguo, akaizungusha kifuani, akaniambia nivute pumzi yote niliyonayo. Alitazama namba; kifua kilikuwa kimetanuka kidogo mno. Akaniambia nivute tena.

Ndipo akakaa chini mbele yangu.

"Asubuhi unaamkaje?"

Nikamweleza.

"Ukipumzika unapata nafuu au unazidiwa?"

"Nazidiwa."

"Na ukifanya kazi, ukitembea?"

"Napata nafuu." Nilisema kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. "Mke wangu anadhani ni uongo."

"Si uongo," Marisa akasema. "Kuna mtu yeyote aliyewahi kukuuliza maswali haya?"

Miaka minne, na hakuna. Nikamwambia hivyo.

Alisema hatanipima fimbo siku hiyo. Alisema yeye si daktari na hana ruhusa ya kuutaja ugonjwa, lakini mgongo uliochoshwa na kazi haufanyi hivi, na kuna daktari wa viungo ninayepaswa kumwona haraka. Aliandika barua, akaorodhesha vipimo vyote, akanipa mkononi.

Nilitoka na hasira. Nilikuja kuchukua fimbo, nikapewa barua. Onesmo, aliyekuwa akingoja nje, akaniuliza, "Wamekunyima?"

"Wamesema tatizo si fimbo."

"Tatizo ni nini?"

"Ni mimi."

Joselina aliisoma barua ile mezani, polepole, kidole kikifuata maneno ya Kiingereza. Alipomaliza aliikunja akaiweka kwenye mkoba wake, pamoja na vitambulisho vyetu.

Kumwona daktari wa viungo kulichukua kiangazi kizima na sehemu ya vuli. Kila mtu anayeishi huku anajua huo muziki wa simu unaokungojesha. Wakati huo shingo nayo ilianza kufunga. Sikuweza kutazama nyuma nikiwa juu ya mashine, na siku moja nilirudi kinyumenyume nikamkosakosa mwenzangu kwa hatua moja. Roy aliniita pembeni. Hakunifukuza. Alinipa kazi ya kupaka rangi uzio, kisha ya kufua taulo, kisha hakukuwa na kazi ya kunipa, na nikaondoka mwenyewe ili asilazimike kusema.

Chumba cha kusubiri cha daktari yule sitakisahau. Niliona mama ambaye vidole vyake vilikuwa vimepinda kama mizizi ya tangawizi, akifungua pipi kwa meno. Niliona mwanamume wa umri wangu anayetazama sakafu, na nilipomsalimia alizungusha mwili mzima, miguu na yote, ndipo akaniona. Nikafahamu kwamba na mimi ndivyo ninavyosalimia watu. Hakuna aliyenitazama kwa mashaka chumbani mle. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka minne.

Waliniingiza katika mashine ya kupiga picha, lile bomba jembamba linalogonga kama mtu anapiga bati kwa nyundo. Waliniambia nisisogee. Nililala chali, ambayo kwangu ilikuwa adhabu, pua yangu karibu kugusa dari ya bomba. Nikawaza kwamba hapa tofauti ni ndogo. Nje mwili umenifunga, ndani bomba limenifunga. Nilihesabu majina ya majirani zetu wa kambini, nyumba kwa nyumba, mpaka waliponitoa.

Daktari alitaka Joselina awepo. Alitueleza kwamba ni spondilaitisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vya mgongo, na kinachovimba muda mrefu hatimaye hushikana, pingili kwa pingili. Sitaeleza zaidi, wenye elimu hiyo wapo. Kisha akamgeukia mke wangu. "Umewahi kuona kwamba anapata nafuu akijishughulisha, na anazidiwa akipumzika? Hiyo ndiyo alama yake kubwa."

Joselina alitikisa kichwa kukubali. Tulipofika garini alikaa kwenye usukani bila kuwasha injini.

"Nilikuita mvivu mbele ya mtoto," akasema.

"Hukuniita mvivu."

"Nilikuambia tembea mpaka jikoni."

"Nilitembea."

Alicheka kidogo, kisha akalia, na mimi sikuweza kugeuka kumwangalia. Shingo haikufika. Nikanyoosha mkono tu, nikaupata mkono wake kwa kupapasa.

Bila kazi yangu, Louisville ilitushinda. Dada yangu mkubwa, Venansia, anaishi Buffalo, New York, na orofa ya juu ya nyumba yake huko North Buffalo ilikuwa imebaki wazi. "Njooni," akasema kwenye simu. "Mgonjwa hauguzwi kwa simu." Joselina alipata kazi katika makao mengine ya wazee. Tulihamia mwezi wa kumi na moja, siku theluji ya kwanza ilipoanguka.

Huko Buffalo daktari mpya alisema dawa yangu ipo, ni sindano ya kila wiki mbili. Lakini kwanza lazima nipimwe kifua kikuu. Wengi wetu tuliotoka kambini tunacho kimelala ndani bila kutusumbua, na sindano hiyo inaweza kukiamsha. Nilipimwa, kikawepo. Basi nikaanza na vidonge vya kifua kikuu, miezi minne, kabla ya sindano ya kwanza.

Sijui kama naweza kukueleza miezi ile minne. Dawa ya mgongo inajulikana jina, na huruhusiwi kuigusa. Nje theluji imefika kwenye vioo vya dirisha. Ngazi za kutoka orofa ya juu zilikuwa kumi na saba, nyembamba, na nikishuka asubuhi napanda mchana kwa kutambaa. Kwa hiyo sikushuka. Nilitazama barabara kupitia dirisha moja, na kwa kuwa shingo haikugeuka, niliona sehemu moja tu ya barabara: mti mmoja, gari la jirani, na pipa la taka. Nilivijua vitatu hivyo kuliko ninavyoijua nyumba ya baba yangu. Vidonge viligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa, na machozi pia yana rangi hiyo ukiyafuta kwa karatasi nyeupe. Nilijua kwa sababu niliyafuta.

Kuna siku niliacha kujinyoosha. Niliwaza, acha ifunge, imalizike, angalau nijue itaishia wapi. Venansia alipanda na uji wa ulezi, akanikuta nimelala natazama dari.

"Umefanya mazoezi?"

"Leo hapana."

"Jana?"

Nikaendelea kutazama dari.

"Evarist," akasema dada yangu, "mimi nilikubeba kutoka Burundi mpaka Kigoma ukiwa na miaka mitatu. Sikukuangusha njiani. Shuka hapo kitandani."

Alitandika shuka sakafuni, akalala yeye kwanza, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye goti bovu, akainua mguu wake juu. Nami nikashuka. Tangu siku hiyo tulijinyoosha pamoja kila asubuhi, mimi, yeye, na Divine akiwa hana shule. Divine ndiye aliyeshika futi ya kupimia kifua changu. Tulimsemesha Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, lakini namba alizisoma kwa Kiswahili, kwa sababu shangazi yake alikataa kuzisikia kwa lugha nyingine.

Sindano ya kwanza nilichomwa mwezi wa tatu, theluji ikiwa imeanza kuwa matope. Joselina alinichoma. Alisafisha ngozi ya paja, akasubiri ikauke, akasema, "Baba Divine, tazama pembeni." Nikamjibu, "Nitazame pembeni vipi?" Tukacheka wote wawili, na sindano ikaingia tukiwa bado tunacheka.

Sindano ya pili sikuona kitu. Ya tatu sikuona kitu, na hofu ikanishika. Baada ya ile ya nne, niliamka asubuhi moja nikakaa kitandani. Nilikaa moja kwa moja, bila kujiviringisha. Ilinichukua muda kutambua nilichokifanya. Niliogopa kusogea, nisije nikaharibu.

Usinielewe vibaya. Daktari aliniambia wazi kwamba kilichoshikana hakitaachana. Dawa inazuia kisiendelee. Chini ya mgongo nina sehemu ambayo ni mfupa mmoja, na shingo yangu haitarudi kuwa shingo ya kijana. Siku nyingine bado naamka mkavu. Kuna wakati nakaa kanisani katikati ya watu wanaogeukiana kusalimiana, na mimi nimebaki nimetazama mbele, na ninahisi ukuta ule ule. Haujabomoka. Nimejifunza tu mlango wake uko wapi.

Mwezi wa tano mtaalamu wa mazoezi wa hospitali aliniuliza nataka mwili wangu uweze nini tena. Nilisema gofu, nikaona haya mara moja. Yeye hakuona kichekesho. Alipima nyonga zangu, mabega, magoti, akaandika kila kinachosogea na kila kisichosogea. "Mgongo wako hauzunguki," akasema. "Lakini nyonga zina nusu ya mwendo wake, na magoti ni mazima. Tutumie kilichobaki." Alinifundisha kufungua mguu wa kulia nje kidogo, kuacha kisigino cha kushoto kinyanyuke ninapopeleka fimbo nyuma, na kuridhika na mpigo mfupi. Kwa wiki sita nilifanya mazoezi hayo na mpini wa ufagio chumbani.

Kisha nikaenda kwa fundi wa fimbo, mzee aitwaye Walt, mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba yake. Alibandika utepe chini ya fimbo, akaniambia nipige mipira kumi, kisha akanionyesha utepe ulivyochubuka.

"Unaona? Ncha ya mbele ndiyo inayochimba ardhi. Ndiyo maana mpira unakwenda kulia. Fimbo hizi zimetengenezwa kwa mtu anayeinama. Wewe huinami."

"Siwezi kuinama."

"Usiiname. Nitaileta fimbo juu, ikufuate ulipo."

Alichagua mipini mirefu na myepesi, akapinda vichwa vya fimbo visimame zaidi, akaongeza unene pale mkono unaposhika. Nilisimama wima kama nguzo ya simu, jinsi Roy alivyokuwa akinicheka, na kwa mara ya kwanza fimbo ilitua chini yote, bapa. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kinaweza kutengenezwa kwa ajili ya mgongo kama wangu. Nilizoea kuombwa nibadilike.

Kama uko mwanzoni mwa njia hii, ninayo machache ya kukuambia. Ukiamka mkavu kila siku kwa miezi, na kutembea kunakupa nafuu kuliko kulala, sema maneno hayo hayo kwa daktari, usingoje akuulize. Asipokusikia, mwambie mwingine. Omba na mchungaji, lakini omba na barua ya kumwona daktari wa viungo pia. Kama umetoka kambini, pima kifua kikuu mapema, usije ukangoja kama mimi. Na mwite mwenzako aingie nawe kwa daktari. Mambo mengine mke hawezi kuyaamini kutoka kwa mume. Lazima ayasikie kwa mtu asiye na vyombo vya kuosha.

Jumamosi moja mwezi wa saba Joselina aliniambia atakuja nami uwanjani. Hakuwahi kufika kwenye uwanja wa gofu hata mara moja. Alivaa viatu vyake vya kazini na kitenge, akasukuma kigari cha fimbo, akauliza kwa nini watu wazima wanapiga mpira mbali halafu wanaufuata.

Kwenye shimo la pili nilikuwa mzito, nikajipanga polepole, mguu nje, kisigino tayari. Nyuma yetu walikuja wanaume wanne wakasimama wakingoja. Nilihisi macho yao. Nikaanza kuharakisha, na mwili wangu ukiharakishwa unafunga. Joselina aliona. Aliinua mkono wake juu, akawapungia kama anavyowapungia magari nje ya kanisa.

"Piteni," akawaambia kwa Kiingereza. "Sisi tuna nafasi."

Walipita, wakatushukuru. Tukasubiri mpaka wakatokomea. Kisha nikapiga.

Niliusikia mikononi, safi. Lakini kichwa changu hakigeuki kufuata mpira. Baada ya mpigo mimi naona majani tu, pale ulipokuwa. Nikabaki nimesimama.

"Umekwenda wapi?" nikamwuliza.

Joselina alikuwa ameweka mkono juu ya macho, jua likimpiga usoni, anatazama mbali. Alichelewa kujibu, maana mpira ulikuwa bado angani.

"Bado unakwenda," akasema. "Ngoja. Umetua. Uko mbele yetu kabisa, katikati ya njia. Twende nikuonyeshe."